Safari ya dakika kumi: glavu, jaketi na buti za nini?

NjiaFupi

Wakuu, habari za humu. Nina swali ambalo nyumbani limeshageuka kesi, nimeona nililete kwa wanaojua.

Nina pikipiki ya cc 125 tangu mwezi wa pili. Siendi nayo mbali. Asubuhi nampakia binti yangu wa miaka tisa, namshusha shuleni, naendelea kazini. Safari nzima ni dakika kumi, kumi na mbili nikikuta foleni. Mwendo wangu mkubwa ni 50, tena pale tu penye kipande kilichonyooka. Barabara naijua, hata mashimo yake nayajua moja moja.

Helmeti ninayo. Nilipewa na shemeji yangu aliponunua mpya. Aliwahi kuanguka nayo mara moja, lakini nimeigeuza huku na huku sijaona hata ufa, kuna mchubuko wa rangi tu pembeni. Inanipwaya kidogo, kwa hiyo ndani navaa kofia ya kitambaa na inatulia. Binti anavaa ya mama yake.

Sasa mke wangu ameanza: nunua jaketi lenye pedi, nunua glavu, nunua buti. Mimi naona hayo ni mavazi ya watu wa mashindano. Jua likiwaka, jaketi ni tanuri. Glavu nilijaribu zile za kufumwa za kubebea mizigo, nikaona zinaninyima kuhisi klachi. Miguuni navaa viatu vyangu vya ofisini vya kamba.

Naomba kuuliza: kwa mtu wa dakika kumi na mwendo wa 50, kipi ni cha lazima na kipi ni mbwembwe? Na kama mfuko unaruhusu kitu kimoja kwa wakati, nianze na kipi? Nijibuni kama mtu mzima, msinitishe kwa picha za ajali. Nimeshaziona.

SimbaWaLami

Mkuu usihangaike. Nina miaka kumi na minane juu ya pikipiki, navaa helmeti basi, na sijawahi kuanguka. Ajali huletwa na dereva, haizuiwi na nguo. Tena hizo helmeti kubwa nzito ndizo zinazovunja watu shingo. Endesha kwa akili, fika kazini, vua helmeti, maisha yaendelee.

FundiNgozi

NjiaFupi, nimekuelewa, na kukutisha sitakutisha. Mimi si daktari wala mwalimu wa udereva. Ni fundi wa ngozi. Nashona viti vya pikipiki na mabegi, nabadilisha zipu, natia soli, na kwa miaka ishirini na mmoja watu wananiletea jaketi na glavu zilizoanguka. Nasema zilizoanguka kwa sababu ndivyo zinavyofika mezani kwangu. Mwenyewe amesimama pembeni anasema "niliteleza kidogo tu, fundi," huku jaketi linanieleza habari nyingine.

Jaketi lililoburuzwa kwenye lami haliharibiki ovyo, lina mahali pake. Kiwiko kwanza. Halafu bega, upande wa nje. Halafu pindo la nyonga, na hapo mara nyingi nakuta pindo zima kabisa, maana jaketi lilikuwa halijafungwa kiunoni, likapanda hadi kifuani. Kilichokwanguliwa hapo hakikuja dukani kwangu. Katikati ya mgongo, karibu kila mara, ni kama jipya. Glavu nazo ni hivyo hivyo: mgongoni kuna manyota na maandishi yanang'aa, ukigeuza kiganjani kuna tundu. Tundu hilo halihami, liko kwenye kitako cha kiganja, pale penye mnofu wa chini ya gumba au upande wa pili chini ya kidole kidogo. Mtu akianguka mikono inatangulia, haisubiri ruhusa yake.

Nami nilianguka nikiwa nayajua haya yote, na hiyo ndiyo aibu yake. Glavu nilikuwa nimejishonea mwenyewe, ngozi ya mbuzi, kiganja tabaka mbili, mshono wa nje ili usinikere vidole. Siku hiyo zilikuwa mfukoni mwa jaketi. Nilikuwa natoka kununua nyuzi, safari fupi kuliko yako, nikajiambia nazivaa za nini. Kwenye kona ya mzunguko gari fulani lilikuwa limemwaga dizeli, na manyunyu yamepita juu yake. Mwendo wangu nadhani ulikuwa 30. Gurudumu la mbele likaondoka kama limevutwa kwa kamba. Sikupata nafasi ya kupiga breki wala ya kusema neno. Nilisikia tu sauti ya zipu yangu ikikwaruza lami, halafu nikawa nimekaa chini naangalia mkono wangu wa kulia.

Kiwiko kilikuwa salama, pedi ilikula yote. Kichwa salama. Bega liliuma siku mbili. Lakini kiganja kilikuwa kimechunika mahali pa ukubwa wa kifuniko cha chupa, ndani mna mchanga mweusi, na mfupa mmoja mdogo wa kifundo cha mkono una ufa. Wiki saba sikushika sindano. Fundi asiyeshika sindano ni mtu wa kukaa dukani anasalimia wapita njia. Vifungo vya suruali alikuwa akinifungua mke wangu, asubuhi na jioni, na hakuwahi kusema lolote kuhusu glavu. Angesema ingekuwa nafuu. Glavu zenyewe zilitoka mfukoni hazina hata vumbi.

Ndiyo maana nakwambia, usipime kwa ajali ile kubwa unayoiwaza. Watu wakisikia "mavazi ya kinga" wanawaza lori uso kwa uso, halafu wanasema, pale jaketi litanisaidia nini? Ni kweli, pale jaketi halisaidii sana. Jaketi, glavu na buti ni kwa kuanguka kwa kawaida, kule kwa mchanga kwenye kona, mtu kufungua mlango wa gari, mbwa kukatiza. Mtu anaanguka, anaburuzika kidogo, anasimama. Tofauti ni kama anasimama na kwenda kazini au anakaa wiki saba kama mimi.

Piga hesabu ya 50 yako. Mtu akidondoka kwa mwendo huo anateleza kwenye lami kavu kama mita kumi na tano kabla ya kusimama, karibu sekunde mbili. Sekunde mbili si kitu ukiwa unasubiri taa ya barabarani. Ukiwa umelalia nyonga, jinzi ya kawaida inatoboka kabla hujamaliza nusu ya safari hiyo, na iliyobaki unaimaliza kwa ngozi yako. Suruali ya ofisini sitaki hata kuizungumzia.

Sasa nunua hivi. Helmeti kwanza, na hiyo ya shemeji nawaachia wengine humu waiseme, wanaijua kuliko mimi. Baada ya helmeti, glavu. Si kwa sababu ya kisa changu pekee. Australia waliwahi kuwafuatilia waendeshaji 212 waliopata ajali, matokeo yakatoka mwaka 2011: waliovaa glavu za pikipiki walikuwa na uwezekano wa kulazwa hospitali pungufu kwa asilimia 59 kuliko wasiovaa, wenye suruali za pikipiki pungufu kwa 51, wenye jaketi pungufu kwa 21. Binti yangu aliponisomea nilimwambia hayo ndiyo yaliyopo mezani kwangu. Ila katika utafiti huo huo zaidi ya robo ya mavazi yalichanika katika ajali yakashindwa kazi yake, na hilo nalo nalijua. Kuna mavazi ya pikipiki na kuna mavazi yanayofanana na ya pikipiki.

Glavu chagua ya ngozi, yenye tabaka la pili pale kwenye kitako cha kiganja, na mkanda wa kubana kifundo. Ukiwa dukani ifunge mkanda, halafu mwambie mtu aivute kwa ncha za vidole. Ikivuka, irudishe, maana itavuka na barabarani. Zile za kufumwa ulizojaribu siyo glavu za kuendeshea. Zinateleza kwenye mpini, na kama ni za nailoni zikisuguliwa zinayeyuka kwenye nyama. Kuhusu kuhisi klachi, nunua saizi yako kamili, kidole kisizidi mbele. Wiki ya kwanza utaichukia. Wiki ya pili ngozi itakuwa imejifunza mkono wako.

Jaketi, usiangalie rangi, angalia mshono. Shika pande mbili za mshono wa bega na wa kiwiko uvute kwa nguvu. Ukiona mwanga kati ya nyuzi, hilo ni la kupigia picha. Linalofaa lina mistari miwili au mitatu ya uzi mahali hapo. Ngozi inaweza kuwa nzuri kabisa lakini ikashonwa kwa uzi wa shati, na lami haichuni ngozi kwanza, inatafuta uzi. Kwenye lebo ya ndani, kama limepimwa kwa kanuni za Ulaya, utakuta EN 17092 na herufi: AAA ni gumu zaidi, AA linafuata, kisha A. Kwa mizunguko ya mjini A si dhambi, AA ni bora. Pedi zenyewe zina alama yake, EN 1621, na namba 1 au 2, 2 ndiyo inayofyonza zaidi. Halafu lijaribu ukiwa umekaa kwenye pikipiki, mikono mbele. Pedi inayokaa vizuri umesimama inaweza kuhamia kwenye msuli ukikunja mkono, na hapo kiwiko kimebaki wazi.

Joto ni kweli, sitakudanganya. Tafuta lenye wavu kifuani na mgongoni na kitambaa kigumu mabegani na viwikoni. Ukiwa kwenye mwendo linapitisha upepo. Kwenye foleni utatoka jasho, na jasho linafuliwa.

Viatu. Angalia kiatu chako cha kushoto juu ya vidole, lazima kuna alama ya gia. Sasa angalia cha kulia: kamba ile ikijinasa kwenye breki ya mguu siku unataka kushusha mguu, utaanguka ukiwa umesimama, mbele ya watu, bila mwendo wowote. Nimeshatia soli viatu vya watu wa aina hiyo, na wote walikuja wakicheka kwa aibu. Unachotaka ni buti linalofunika vifundo pande zote mbili, kamba zikiwa zimefichwa, na soli isiyokunjika ovyo. Lishike kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, likamue kama nguo unayoifua. Likikamuka, na mguu wako utakamuka humo humo. Hata buti imara la kazi linakishinda mbali kiatu cha ofisini. Hicho kiweke kwenye begi, ubadilishe ukifika.

WodiYaMajeruhi

Fundi kaeleza vizuri, naongeza la upande wangu. Ni muuguzi. Kiganja kilichochunika tunakisafisha kwa brashi. Mchanga usipotoka wote unabaki chini ya ngozi kama chale, kwa hiyo tunasugua mpaka utoke. Watu wenye mifupa iliyovunjika wananyamaza, wenye viganja wanapiga kelele. Ukiwa na viganja viwili vimefungwa bandeji huwezi kula, kufungua mlango, wala kwenda chooni peke yako. Kaka NjiaFupi ulisema tusikutishe, basi naishia hapo.

Pete, jamani. Vueni pete kabla ya kuendesha bila glavu, na mkiwa na glavu pia ni afadhali kuivua. Pete ikinasa kwenye kitu mwili ukiendelea kwenda, inakwenda na ngozi ya kidole. Ivae ukifika.

Na mtoto. Huyo binti anakaa nyuma na sare ya shule, sivyo? Miguu yake inafika kwenye vikanyagio? Kama haifiki bado hajafikia kupakiwa. Majeraha ya watoto ninayoyaona zaidi hayana hata ajali ndani yake: kisigino kilichoingia kwenye spoki, na moto wa bomba la moshi kwenye shavu la mguu wa kulia, upande wa ndani. Suruali ndefu nzito chini ya sketi, soksi, viatu vya kufunga. Sketi aishushe akifika.

Jambo jingine kwa wote: mkikuta mwendeshaji ameanguka, anapumua na anaongea, msimvue helmeti. Mwacheni alivyo, zuieni kichwa kisiyumbe, fungueni kioo apate hewa, subirini wenye ujuzi. Mtu mmoja akiivuta kwa nguvu anaweza kuimaliza shingo iliyokuwa imepasuka tu. Ikiwa hapumui hapo hakuna jinsi, lazima itoke, na ni kazi ya watu wawili: mmoja ashike shingo na taya, mwingine aivute taratibu.

PovuJeupe

Nilikuwa nasubiri mtu aiguse helmeti ya shemeji, naona nimeachiwa.

Kaka, hiyo helmeti imekufa. Haionyeshi kwa sababu kinachokufa hukioni. Ganda la nje linazuia kitu chenye ncha kisipenye na linatawanya kishindo, lakini kazi yenyewe inafanywa na povu gumu lililo chini ya kitambaa, jamii ya lile linalozungushiwa televisheni kwenye boksi. Kichwa kikigonga, povu linabonyea, na katika ile nukta ya kubonyea ubongo unapata nafasi ya kupunguza mwendo badala ya kusimama ghafla. Likishabonyea halirudi. Ganda la plastiki linarudi, kwa hiyo unaona mchubuko wa rangi tu na kusema nzima. Ukigonga tena palepale, ni ukuta.

Watu husema, helmeti zinapimwa kwa mwendo mdogo, mimi nakwenda 80, itanisaidia nini? Kanuni mpya ya kupimia helmeti, ECE 22.06 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika 2021 na kuchukua nafasi ya 22.05, inaidondosha helmeti kwenye chuma kwa mwendo wa hadi mita 8.2 kwa sekunde, ambao ni kama kilomita 30 kwa saa. Unaonekana mdogo. Lakini kichwa hakigongi lami kwa mwendo wa pikipiki, isipokuwa umekutana na ukuta au nguzo. Mara nyingi kinagonga kwa mwendo wa kuanguka toka kimo cha mtu aliyekaa: mita moja na nusu, karibu kilomita 20 kwa saa. Mwendo ule mwingine ni wa kuteleza, ndio anaoushughulikia Fundi. Kanuni hiyo imeongeza pia kipimo cha kugonga kwa mshazari, kwa sababu kichwa kikizungushwa ghafla ubongo unaumia hata kama fuvu ni zima.

Mkuu SimbaWaLami, la shingo limezungumzwa miaka mingi, na lilipopimwa halikusimama. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha 2011, kutoka kwenye rekodi za makumi ya maelfu ya majeruhi wa pikipiki, wakakuta wenye helmeti walikuwa na uwezekano pungufu kwa asilimia 22 wa kuumia uti wa shingo. Na ule uchambuzi mkubwa wa 2008 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, ulijumlisha tafiti nyingi ukapata kwamba helmeti inapunguza vifo kwa karibu asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa 69. Nguo nyingine yoyote humu haifiki hapo, pamoja na glavu za Fundi.

Nawe NjiaFupi ulisema safari ni fupi. Marekani, Profesa Harry Hurt na wenzake walikwenda wenyewe kwenye ajali 900 za pikipiki jijini Los Angeles, ripoti ikatoka 1981. Nusu ya hizo ajali, mwendo kabla ya tukio ulikuwa chini ya kilomita 48 kwa saa. Na nyingi zilikuwa safari fupi za shughuli za kawaida, zikatokea muda mfupi tu baada ya mtu kuondoka alipotoka. Yaani wewe na Fundi na nyuzi zake.

Saizi: kofia ya kitambaa ndani haiibani helmeti, inaipa mahali pa kuteleza. Zungusha utepe wa kupimia juu ya nyusi mpaka nyuma panapotokeza, nunua kwa kipimo hicho. Ikiwa mpya inatakiwa ikubane mashavu mpaka uongee kama umevimba meno. Jaribio ni hili: ifunge mkanda, inamisha kichwa, mwenzio aingize vidole chini ya ukingo wa nyuma na kuisukuma kwenda mbele. Ikitoka kichwani, hata barabarani itatoka, na itatoka kabla hujagonga. Mfanyie binti jaribio hilo hilo na helmeti ya mama yake, halafu uje utuambie.

Rangi nayo usiidharau. New Zealand walikuta, mwaka 2004, kwamba wenye helmeti nyeupe walikuwa na hatari ya kuumia ajalini pungufu kwa asilimia 24 kuliko wenye nyeusi, na wenye vizibao vya kuakisi mwanga pungufu kwa 37. Huenda ni kwa sababu tu walionekana. Kizibao ndicho kitu rahisi kuliko vyote vilivyotajwa hapa, na kinavaliwa juu ya jaketi lolote.

SimbaWaLami

Takwimu za wazungu hizo. Barabara ninazopita mimi hawajawahi kuziona.

Ila Fundi, la dizeli kwenye mzunguko nalijua, limewahi kuniyumbisha mara mbili. Sikuanguka.

FundiNgozi

Mara mbili. Nami kabla ya ile ya tatu nilikuwa na rekodi kama yako, kaka. Nilikuwa naitangaza kama wewe vilevile.

WodiYaMajeruhi

Simba, pete unayo?

SimbaWaLami

Ninayo.

Nimeivua, dada. Ridhika.

NjiaFupi

Nimerudi wakuu. Siku tano zimepita, naona niwape matokeo.

Jaribio la kusukuma nyuma tulilifanya sebuleni. Mimi niliinama, mke wangu akasukuma, helmeti ya shemeji ikatoka pamoja na kofia ya kitambaa ikaangukia kochi. Hakusukuma sana. Tukamgeukia binti na helmeti ya mama yake. Hiyo hata kusukumwa haikusubiri: aliinamisha kichwa tu ikamfunika macho, akacheka, mimi nikashindwa kucheka. Tangu Februari nimekuwa nikimpakia hivyo kila asubuhi, na nilikuwa namkagua kama amefunga mkanda.

Kwa hiyo kitu kimoja kwa wakati kikawa viwili kwa mpigo. Helmeti yake ndogo nyeupe, yangu nyeupe pia, zote zina lebo ya 22.06. Yangu inanibana mashavu kweli, PovuJeupe, naongea kama nimetoka kung'olewa jino. Miguu ya binti inafika kwenye vikanyagio, kwa ncha za vidole lakini. Dada wa wodi, hiyo unaihesabu kuwa imefika? Mpaka unijibu anakwenda na basi la shule, na amenuna.

Glavu nitanunua mwisho wa mwezi. Niliingia duka moja, nikafunga mkanda, nikamwambia muuzaji avute. Ikavuka yote mkononi mwake. Akasema ndivyo zilivyo zote. Nikatoka. Fundi, wewe unashona za kuagiza?

WodiYaMajeruhi

Ncha za vidole hapana. Unyayo ukanyage, goti likiwa limekunjwa kidogo. Mwache anune, miezi michache tu atakuwa amerefuka.

FundiNgozi

Nashona. Nitakuandikia pembeni jinsi ya kuchora kiganja chako kwenye karatasi, mkono wa kulia na wa kushoto, maana havilingani. Chora vidole vikiwa vimekunjwa kidogo kama umeshika mpini, siyo vimenyooka.

Na hiyo helmeti ya shemeji usimpe mtu, wala usiitupe ikiwa nzima. Kata mikanda kwanza. Ukiitupa na mikanda yake kuna atakayeiokota, aifute vumbi, aone haina ufa.

NjiaFupi

Nimeikata mikanda jana usiku kwa mkasi wa jikoni. Leo asubuhi shemeji amepiga simu. Yake mpya imeibiwa, anauliza kama ile ya zamani bado naitumia.